Mmoja Themi, Mmoja Bandani: Mbinu za Wanandoa Kujitolea Nane Nane Miaka Nenda Rudi

Huku Akheri, Julai ikishika baridi na ukungu ukikaa kwenye migomba mpaka jua likawie kutoka, mazungumzo ya wafugaji hubadilika. Watu huacha kuulizana bei ya pumba, wakaanza kuulizana nani anapeleka ng'ombe Themi mwaka huu. Maonyesho ya Nane Nane ya Kanda ya Kaskazini, yanayokutanisha mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara, hufanyika pale viwanja vya Themi, Njiro, kuanzia Agosti 1 hadi 8. Mabanda ya mifugo ndiyo hujaa watoto wa shule, wazee na watu wa mjini ambao maziwa wanayajua kwa pakiti. Na kila ng'ombe aliyesimama pale, kapigwa brashi mpaka anang'aa, nyuma yake yupo mtu aliyelala uwanjani, aliyebeba maji kwa madumu, aliyekamua alfajiri kwa tochi ya simu. Wengi wa hao hawalipwi. Ni wafugaji wa kawaida walioombwa na kikundi chao au na bwana mifugo wa kata, wakakubali.

Mimi na mume wangu tumo kwenye kazi hiyo kwa miaka mingi, na tumeona wanandoa wengi wakiingia na kutoka. Wapo waliokwenda msimu mmoja wakarudi wamenuniana, wasitake tena kusikia habari za maonyesho. Wapo wenye nywele nyeupe ambao bado wapo. Nimewatazama sana hawa wa pili. Hawana nguvu kuliko wenzao wala pesa nyingi. Walichonacho ni makubaliano kwamba anayebaki nyumbani na ng'ombe wengine naye yuko kazini kwenye maonyesho, sawasawa na yule anayeonekana Themi amevaa koti jeupe. Ushauri wangu wote hapa chini umejengwa juu ya hilo.

Anzeni kwa kuzungumza mwezi wa Juni, kabla hamjaahidi chochote kwa kikundi. Huku kwetu ng'ombe wa maziwa anafugwa ndani, analetewa kila kitu. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kilo 40 hadi 50 za majani mabichi kwa siku. Mkiwa na wawili nyumbani, kwa siku nane za maonyesho hiyo ni zaidi ya kilo 600 za kukatwa, kubebwa na kukatwakatwa, na Agosti ndio mwezi ambao matete yamedumaa kwa baridi na ukavu. Mkiacha kazi hiyo yote kwa mmoja bila maandalizi, mtaona matokeo kwenye ndoo ya maziwa kabla hamjayaona kwenye uso wa mwenzenu. Kwa hiyo mabua ya mahindi yakivunwa, yakusanyeni na kuyafunika mapema. Nunueni pumba na mashudu ya alizeti ya siku zote nane, yawekwe stoo, na kila mlo upimwe kwa kopo linalojulikana, ili hata kijana wa kusaidia asibuni kiasi. Shina la mgomba ni la kujazia tu, kwa sababu karibu lote ni maji. Lisije likageuka mlo kwa kuwa mwenye panga hayupo.

Halafu gawaneni siku. Sisi tunapenda utaratibu wa nusu kwa nusu: mmoja anakaa uwanjani Agosti 1 hadi 4, na jioni ya tarehe 4, baada ya kukamua, wanabadilishana. Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kila mmoja anaonja baridi ya usiku pale Njiro, vumbi, foleni ya maji na raha ya kuulizwa maswali na watoto. Kila mmoja pia anaonja upweke wa banda la nyumbani, redio ikitangaza hotuba za maonyesho huku yeye anazoa samadi. Mkiisha kuonja vyote viwili, hakuna atakayemwambia mwenzake kwamba amekwenda kustarehe.

Siku yenyewe ya tarehe 8 ni ngumu, kwa kuwa wote wawili hutamani kuwepo. Hapo ndipo majirani wanapohitajika. Kubalianeni na wanandoa wengine wawakamulie siku hiyo, na ninyi mtawalipa siku yao wakiwa na harusi au msiba. Lakini msimwachie jirani ng'ombe asiyemzoea. Ng'ombe akiguswa na mikono migeni mara nyingi hubana maziwa, na maziwa yakibaki kwenye kiwele mnakaribisha ugonjwa wa kiwele. Mwiteni jirani mwezi wa Julai, akamue mara kadhaa mmoja wenu akiwa amesimama kichwani mwa ng'ombe. Mwonyesheni kila kitu: chumvi inakowekwa, kitambaa cha kuoshea kiwele, chuchu ipi ni ngumu, saa mnayoanza. Saa ni muhimu. Ng'ombe aliyezoea kukamuliwa saa kumi na moja alfajiri na saa kumi na moja jioni asicheleweshwe kwa sababu mgeni rasmi kachelewa.

Sasa tuje kwa huyo anayekwenda. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba ng'ombe mpole bandani atakuwa mpole mbele za watu. Ng'ombe wa ndani hajui barabara. Kwato zake ni laini, macho yake yamezoea kuta nne, na watu anaowajua ni watano. Akishushwa ghafla penye spika, miavuli na watoto mia wanaopiga kelele, hofu yake ni ya haki kabisa. Mfundisheni tangu Juni. Mvalisheni kamba ya kichwa, mtoke naye nje asubuhi mwendo mfupi, kesho mwendelee kidogo, mpaka aweze kufika njia panda na kurudi bila kuvutana. Wekeni redio bandani. Mpitisheni karibu na mtu aliyefungua mwavuli. Waombeni watoto wa jirani wasimame mbali kidogo wakizungumza kama kawaida yao. Kwato zikihitaji kukatwa, zikatwe wiki tatu kabla, maana zikikatwa wiki ya safari anaweza kufika uwanjani anachechemea.

Namna ya kushika kamba nitaieleza polepole, kwa sababu nimeona vidole vikiumia. Simama upande wa kushoto wa ng'ombe, usawa wa bega lake. Mkono wa kulia ushike kamba karibu na kidevu. Sehemu inayobaki ikunje kwenda na kurudi, kisha uishike kwa kiganja cha kushoto, juu ya mikunjo. Usiizungushe mkononi hata mara moja. Kamba iliyozungushwa hukaza ng'ombe akiruka, na hapo mkono unakwenda naye. Iliyokunjwa unaweza kuiachia mkunjo mmoja mmoja. Akishtuka, usimvute kwa mbele, kwa kuwa kwa nguvu humwezi. Kigeuze kichwa chake kielekee kwako ili azunguke mduara mdogo, na uongee naye kwa sauti ile ile unayotumia bandani. Ng'ombe anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa na sehemu ndogo iliyo mbele ya pua. Anayetokea nyuma kimya anamwonea. Na teke lake halifanani na la punda. Punda hurusha miguu nyuma moja kwa moja, ng'ombe huuzungusha mguu kutoka mbele kwenda pembeni, kwa hiyo kusimama ubavuni karibu na paja si salama kama wengi wanavyodhani.

Hapa ndipo uwili unapofaa hasa. Siku mifugo inapopitishwa mbele ya watu, mmoja anamtazama ng'ombe, mwingine anawatazama watu. Sisi mume wangu ndiye mara nyingi anashika kamba, na mimi natembea hatua chache mbele nikiwa nimeupa umati uso. Natafuta mtoto aliyepenya chini ya uzio, kijana anayetaka kupiga picha akiwa amekumbatia shingo ya dume, mama aliyefungua mwavuli ghafla. Tumekubaliana ishara: nikiinua mkono, anasimama pale pale bila kuuliza. Wapo wanandoa wanaofanya kinyume chake, mke kwenye kamba na mume kwa watu, na wanafanya vizuri mno. Asiwepo mtu wa kuwapangia kwamba kamba ni ya mwanaume. Aliyemzoea ng'ombe ndiye ashike. Ila dume lenye pete ya pua si la kushikwa na mtu mmoja hata awe nani. Lishikwe na wawili, kila mmoja na kamba yake, na mkia ukianza kuinuka au kwato zikianza kuchimba vumbi, litolewe bila kungoja lifanye lolote.

Anayetaka kujua kwa nini kazi za namna hii zinadumu mahali pengine, aangalie jinsi zilivyogawanywa. Kule Houston, Marekani, kuna maonyesho ya mifugo pamoja na rodeo, yaani michezo ya kupanda farasi na mafahali wakali, yaliyoanza mwaka 1932. Yanaendeshwa na watu wa kujitolea zaidi ya 30,000, waliogawanywa katika kamati zaidi ya 100. Hakuna anayeambiwa aje asaidie tu. Mtu anaingia kamati moja, anajifunza kazi moja, anarudi mwaka ujao kwenye kazi ile ile akiwa anaijua zaidi. Kikundi chetu cha kata hakihitaji kamati mia, lakini kinahitaji jibu la maswali manne kabla ya Agosti: nani anashughulikia maji, nani kibali na usafiri, nani chakula cha watu, nani lindo la usiku. Wanandoa wakichukua moja wakaing'ang'ania kwa miaka, watu hujifunza kuwategemea kwa hiyo, na hawatavutwa huku na huku mpaka wachoke. Sisi tulichukua maji. Ng'ombe anayekamuliwa anaweza kunywa lita 60 na zaidi kwa siku, hayo ni madumu matatu ya lita 20 kwa kichwa kimoja, kabla hujaosha chombo wala kunawa mikono. Zidisheni kwa idadi ya vichwa vilivyopo, na mtajua kwa nini pipa kubwa lazima lijazwe usiku, foleni ikiwa fupi.

Na tusisahau wenzetu wa karibu. Pemba wana mchezo wa ng'ombe, ambamo vijana wanamchezea fahali aliyefungwa kamba ndefu kwa kumpungia nguo, wanawake wakiimba, na fahali hauawi, anarudi kwa mwenyewe. Lamu, wakati wa Maulidi, wana mbio za punda kando ya bahari, na mji huo huo una kituo cha matibabu ya punda tangu mwaka 1987. Ninachokipenda katika sehemu hizo ni kwamba furaha ya watu na afya ya mnyama zimewekwa pamoja. Hata sheria yetu inasimama hapo: Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008. Kwa hiyo mkimwona mtu anamchapa ng'ombe ili anyanyue kichwa kwa ajili ya picha, mkatazeni bila aibu. Mnyama aliyechoka apelekwe kivulini, hata kama zamu yake ya kuonyeshwa imefika.

Usafiri utawachukulia muda mwingi kuliko mnavyofikiri, ingawa kutoka Tengeru, huku kwetu, hadi Arusha mjini ni kilomita zisizozidi 15. Mwoneni mtaalamu wa mifugo mapema kwa ajili ya kibali cha kusafirisha na kumkagua ng'ombe. Chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo isisubiri wiki ya mwisho, kwa kuwa mwili unahitaji kama wiki mbili kujenga kinga. Mwogesheni dawa ya kupe, na mkague ndani ya masikio kwa vidole, huko ndiko kupe wa ndigana kali hupenda kujificha. Gari likija, mwagieni mchanga au nyasi nyingi kwenye bodi ili kwato zisiteleze. Mpakieni alfajiri kabla barabara ya Moshi haijafurika. Msikubali apandishwe kwa kusukumwa kutoka kwenye tuta lolote mliloliona njiani. Tafuteni mahali ambapo sakafu ya gari na ardhi vinakaribiana usawa. Siku ya Jumamosi au Jumatano msipange kabisa kupita Tengeru mchana, soko litawashika hapo mpaka mnyama apate joto.

Suala la fedha liwe fupi na la wazi. Mtu akijitolea hapa kwetu, hazikosi sauti za chini chini kwamba anakula posho. Dawa yake ni daftari. Kila shilingi ya mafuta ya gari, majani na chakula iandikwe siku hiyo hiyo, risiti zibanwe humo, na fedha za kikundi zisikae kwenye simu ya mume wala ya mke. Zikae kwa mweka hazina asiye wa nyumba yenu. Na ninyi wenyewe pangeni kiasi mnachoweza kupoteza kwa mwaka kwa ajili ya kazi hii, mkubaliane, halafu mkifika hapo mseme basi. Ada ya mtoto isiguswe. Nalisema kwa uzito kwa sababu wanandoa huwa hawagombani kwa sababu ya ng'ombe, hugombana kwa sababu ya kiasi ambacho mmoja alitoa bila mwenzake kujua.

Yapo mambo ya mwili pia. Mama mjamzito asishike kazi ya kuzalisha wala kusafisha ng'ombe aliyetupa mimba. Ugonjwa wa kutupa mimba huwapata na binadamu. Wageni wakiomba kuonja maziwa, wapeni yaliyochemshwa, au mtindi uliotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa. Chukueni masweta na blanketi za kweli, kwa kuwa usiku wa Agosti pale hauna mzaha, na buti za mpira kwa kila mmoja. Chakula kipikwe nyumbani inapowezekana. Loshoro ndani ya chupa ya moto inafika Njiro ikiwa bado ya moto, na anayebaki nyumbani akimtumia mwenzake chakula, mwenzake anajua kwamba anakumbukwa.

Kuhusu vijana, mshirikisheni mmoja kila mwaka, awe wenu au wa jirani. Pale Tengeru tuna bahati ya kuwa na kampasi ya Wakala ya Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, na wapo wanafunzi wanaotafuta mahali pa kushika kamba kwa vitendo. Mpeni kijana kazi ya kweli. Akipewa kufagia tu, mwakani hatarudi. Mpeni ng'ombe mmoja awe wake kwa siku zote nane, amlishe, ampige brashi, ajibu maswali ya wageni juu yake. Ninyi simameni nyuma na mjizuie kumkatiza anapojibu, hata jibu likiwa refu. Goti la mume wangu linaanza kulalamika kwenye mteremko wa kupakia ng'ombe, na kwa kuwa wapo vijana waliokwisha kuzoea, hatujakosa usingizi kwa ajili hiyo.

Mwisho ni kurudi nyumbani, jambo ambalo wengi hulipuuza kwa sababu ya uchovu. Ng'ombe aliyekaa siku nane karibu na mifugo ya mikoa mitatu asiingizwe moja kwa moja kati ya wenzake. Mwandalieni mahali pake kwa siku 14, mbali kiasi cha kutogusana pua, na ndoo yake mwenyewe. Mmoja wenu ndiye amhudumie, yule aliyemaliza zamu ya Themi, na ng'ombe huyo awe wa mwisho kukamuliwa. Mwingine ashughulike na waliobaki, wala wasiazimane buti. Kila asubuhi mpimeni joto kwa kipimajoto kabla hajala. Ng'ombe mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39.3. Joto likifika 39.5, au mkiona denda linamtoka, anachechemea, ana malengelenge mdomoni, au tezi la chini ya sikio limevimba, mpigieni bwana mifugo saa hiyo hiyo. Mpaka afike, msimhamishe, msiuze maziwa yake, na msimruhusu jirani aliyekuja kusalimia kuingia bandani.